Je, Wajua? Kuachiwa huru peke yake hakuleti fidia

Jirani akikushtaki kwa kuvamia shamba la kahawa mnalogombania huko Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori wilayani Kasese nchini Uganda, kisha mahakama ikakuachia huru, unaweza kumdai fidia. Lakini uthibitishe mambo manne, yaliyofafanuliwa mwaka 1972 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Mbowa: jirani ndiye aliyeanzisha mashtaka, yalimalizika kwa ushindi wako, hakuwa na sababu ya msingi, na alisukumwa na nia mbaya. Kwenye mawili ya mwisho ndipo wengi hukwama, maana aliyeamini kwa dhati, tena kwa sababu za maana, kwamba mpaka umevukwa, hana hatia hata kama alikosea. Ukiishtaki Serikali ya Uganda badala ya jirani, una miaka 2 tu tangu kuachiwa.