ZEZE LILIMFIKISHA MAJUU, WEWE UNALIONEA HAYA?

Washkaji mnaodhani muziki ni gitaa na kinanda tu, tulieni kidogo. Leo nawaletea mzee wa Kigogo aliyepanda ndege akiwa na zeze lake.

Wazungu wana selo, lile dude la nyuzi nne linalobanwa magotini na kupigwa kwa upinde. Bingwa wake hujaza kumbi London, watu wanakaa kimya kama wapo msikitini. Sisi tulikuwa na Hukwe Zawose. Naye alipiga zeze kwa upinde, akapiga marimba, na sauti yake ilipanda na kushuka mpaka unajiuliza wanaimba wangapi. Kumbe ni mtu mmoja!

Muziki alirithi kwa baba yake huko Ugogoni. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981. Mwaka 1996 Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ilitoa albamu yake ya Chibite. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles wakafungua maonyesho ya Gabriel huko Marekani. Si mchezo!

Sasa njoo kwetu Nyabibuye, Kigoma. Mdogo wangu amejichongea zeze, jioni analipiga mpaka mbuzi wanageuka. Anataka kwenda kusomea Bagamoyo. Mjomba kaja juu: zeze ni la walevi wa kilabuni, hela ya maharage ikanunue bodaboda. Mama yuko kimya, ananisubiri mimi wa mjini niseme.

Nimeshasema: aende. Ila sikumdanganya dogo kwamba kipaji kinatosha. Zawose alikuwa na baba wa kumfundisha, rais wa kumwita na chuo cha kumpa kazi. Asiye na milango hiyo inabidi abishe hodi mwenyewe, tena mapema.

Mzee alifariki Bagamoyo Desemba 30, 2003, lakini zeze halikuzikwa. Zamani wanawake wa ukoo wake waliitikia tu nyuma. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens, wao ndio wako mbele.

Mjomba, bodaboda itachakaa. Zeze je? Nawe msomaji, ungekuwa mama yangu ungetoa hela ya maharage?