Lubumbashi: Nyumba ni mpya, lakini maji machafu yanarudi ndani

Kuta zingali zinanuka rangi, karo zinang'aa, na familia imetoka katika nyumba ya kukodi kwa furaha. Wiki chache baadaye maji ya kuoga yanasimama miguuni, sinki ya jikoni inatoa mlio, na harufu mbaya inapanda kutoka chooni. Mjini Lubumbashi, ambako nyumba mpya zinasimama kila upande, kutoka Golf hadi Kasapa, Kisanga na Luwowoshi, wenye nyumba wengi wanagundua ubaya wa tiyo zao wakati fundi amekwisha kulipwa na kwenda kwenye kazi nyingine.

Tatizo hili si la harufu peke yake. Katika kata nyingi za mji hakuna mfereji wa pamoja wa kupokea maji ya vyoo. Kila parseli inayameza maji yake machafu yenyewe, kwa fosi septike na shimo la kunyonya maji. Na pale ambapo maji ya Regideso hayafiki, au yanafika mara moja moja, parseli hiyo hiyo inachimbwa kisima cha maji ya kunywa. Tiyo ikipasuka katikati ya hivyo viwili, ni afya ya nyumba nzima inayoingia hatarini.

Makosa yanayofunikwa na sima

Kosa la kwanza ni mteremko. Maji machafu hayasukumwi na mashine, yanatelemka yenyewe. Kwa kawaida tiyo ya choo, ile ya milimita 110, inahitaji kushuka sentimita 1 hadi 3 kwa kila mita. Kwa hiyo tiyo yenye urefu wa mita 6, ikishuka sentimita 2 kwa mita, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 12 kuliko mwanzo. Fundi anayepima kwa jicho tu anaweza kuilaza sawasawa, au hata kuipandisha mahali fulani bila kujua. Hapo uchafu unakaa, mafuta ya jikoni yanaganda juu yake, na njia inaziba.

Kosa la pili ni moto. Ili kuokoa pesa ya viungo, mafundi wengine wanachoma ncha ya tiyo ya PVC mpaka ilainike, kisha wanaingiza tiyo nyingine ndani yake kwa nguvu. Inaonekana imeshika. Lakini plastiki iliyochomwa inakuwa nyembamba upande mmoja na inavunjika upesi. Kiungo cha kiwandani, kikisafishwa na kupakwa gundi ya PVC, kinagharimu kidogo sana kikilinganishwa na kazi ya kuvunja karo za salon.

Kosa la tatu ni kona kali. Tiyo inayogeuka kwa nyuzi 90 mara moja inasimamisha uchafu. Inafaa kutumia kona mbili za nyuzi 45, na kujenga regari, yaani kishimo cha kukagulia chenye kifuniko, kila mahali ambapo tiyo inageuka au inapokutana na nyingine. Bila regari, kila kuziba kunaleta nyundo.

Kosa la nne ni hewa. Tiyo ya choo inapaswa kuendelea juu mpaka paa, ipumue. Ikikosa njia ya hewa, maji mengi yanaposhuka yanavuta yale yaliyomo katika sifoni za sinki na za bafu. Sifoni ni ile kona inayobaki na maji kidogo ndani yake ili kuzuia harufu. Ikikauka, mlango wa fosi umefunguka ndani ya nyumba.

Kosa la tano liko katika udongo. Katika Haut-Katanga parseli nyingi zilikuwa na vichuguu vikubwa vya mchwa, na wengi wanachimba udongo papo hapo ili kufyatua matofali. Kichuguu kinasawazishwa, shimo linajazwa, kisha tiyo inapitishwa juu ya udongo ambao haujashindiliwa. Mvua ikinyesha, udongo unashuka, na tiyo inashuka nao au inakatika kwenye kiungo. Ndiyo sababu tiyo inatakiwa kulala juu ya mchanga, bila mawe chini yake, katika udongo uliopigwa ukakaa.

Mvua ndiyo inayokagua

Watu wengi wanajenga wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, njia zikiwa kavu. Wakati huo shimo la kunyonya maji linafanya kazi vizuri na hakuna anayelalamika. Kuanzia mwezi wa kumi na moja udongo mwekundu unashiba maji na haunyonyi tena kama mbele. Fosi inajaa, na maji yanatafuta njia ya kurudi. Hali inakuwa mbaya zaidi pale ambapo fundi aliunganisha maji ya paa na tiyo ya choo. Mvua kubwa moja inatosha kuijaza fosi na kuusukuma uchafu mpaka bafuni. Maji ya paa yawe na njia yake, mbali na fosi.

Kisima na fosi ndani ya parseli moja

Kanuni inayofuatwa na mashirika ya misaada ni kuacha angalau mita 30 kati ya choo na mahali pa kuteka maji. Katika parseli ya mita 20 kwa 25, kutoka kona moja hadi kona ya kuvuka ni karibu mita 32. Maana yake, hata familia iliyopanga vizuri inabaki na nafasi ndogo sana, na bado kuna fosi ya jirani nyuma ya ukuta. Haut-Katanga ni kati ya majimbo ya Kongo ambayo kolera inarudi mara kwa mara. Tiyo ikivuja karibu na kisima, maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa klorini, hata yakionekana meupe.

Kabla ya kuvunja karo

Si kila kuziba kunaomba nyundo. Kama ni sinki moja tu inayochelewa, mara nyingi shida iko katika sifoni yake, nayo inafunguliwa kwa mkono. Kama choo, bafu na jikoni vyote vinachelewa pamoja, tazama tiyo kubwa au fosi. Fungua regari ya kwanza nje ya nyumba. Ikiwa kavu huku maji yamesimama ndani, kizuizi kiko kati ya nyumba na regari. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele zaidi, au fosi yenyewe imejaa. Mlio wa maji kwenye sinki wakati choo kinamwagwa unaonyesha kwamba tiyo inakosa hewa.

Mambo mawili yaepukwe kabisa. Kuchanganya asidi na dawa nyingine za kuzibua ni hatari kwa macho na kifua. Na mtu asishuke ndani ya fosi kutafuta kizuizi, hata kwa dakika moja, kwa sababu gesi iliyomo humo inaua, na mara nyingi inamuua pia anayeshuka kumwokoa mwenzake.

Nani atalipa?

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Fundi anasema familia ilitupa vitambaa chooni. Mwenye nyumba anasema kazi ilifanywa vibaya. Sheria ipo: dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, ambayo ni Kitabu cha 3 cha Sheria ya Kiraia ya Kongo. Kifungu cha 33 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale waliopatana. Kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake arekebishe. Lakini kama mapatano yalifanywa kwa mdomo, kwenye simu au chini ya mwembe, ni vigumu kuonyesha fundi alikubali kufanya nini.

Karatasi moja inabadilisha mambo. Iandike aina na ukubwa wa tiyo, idadi ya regari, mahali pa fosi, na sehemu ya malipo itakayobaki mpaka jaribio lifanyike. Jaribio lenyewe ni rahisi: tiyo zikiwa bado wazi, mwisho wa chini unazibwa, maji yanajazwa mpaka juu, na alama inawekwa. Baada ya saa chache maji yakishuka, kuna mahali panapovuja. Kisha kizibo kinaondolewa na ndoo kadhaa zinamwagwa kutoka kila choo, bafu na sinki, huku mtu mmoja akitazama kwenye regari. Picha za simu zinapigwa kabla ya kufunika, na futi ikilala kando ya tiyo. Siku tiyo itakapoziba, picha hizo zitaonyesha pa kuchimba.

Mwenye nyumba anayesimamia kazi yake kwa kawaida anahesabu mifuko ya sima, mabati na karo. Tiyo anaziona mara moja tu, asubuhi ile kabla ya beto kumwagwa. Asubuhi hiyo afadhali awe pale, na ndoo ya maji mkononi.