Kilwa Isiyotekwa na Hatima ya Msamiati

Katika Europa Universalis IV, mchezo wa mikakati wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Uswidi mwaka 2013, historia huanza tarehe 11 Novemba 1444, na mchezaji aweza kuutawala usultani wa Kilwa. Twajua kwamba Francisco de Almeida na Wareno wake waliuteka mji huo mwaka 1505. Mchezoni, kijana wa Goma aweza kuunda merikebu, kuidhibiti dhahabu ya Sofala na kuwafukuza Wareno wasirudi tena.

Ramani hubadilika, msamiati hauhesabiwi. Wapo wanafunzi wanaodai kwamba katika historia hiyo Kiswahili kingebaki safi. Dai hilo lahitaji kupimwa. Meza, bendera, leso, mvinyo na karata ni maneno yenye asili ya Kireno. Je, Kiswahili kilichofika Maniema na Kivu kwa misafara ya karne ya 19 kingefika bila meza? Si lazima. Kilwa ilikuwa bandari, na bandari hukopa maneno pamoja na bidhaa, awe mgeni amekuja na mizinga au na mizani. (Kiarabu kilituachia mamia ya maneno kwa njia ya biashara na dini.)

Gereza ni habari nyingine. Neno hili, ambalo aghalabu huhusishwa na igreja, yaani kanisa, ndilo jina la ngome ya Kilwa Kisiwani, mahali walipojenga Wareno mwaka ule wa 1505. Hilo, nadhani, Kilwa isiyotekwa isingelihitaji.