Mchonga Mlango na Mchora Ramani

Ziko kazi mbili ambazo vijana wetu siku hizi wanaziomba kwa wingi katika makampuni ya simu na kompyuta, na sisi wazazi wengi hatujui zinatengana wapi. Moja huandikwa kwa herufi UI, ya pili UX. Mimi nami nilidhani ni kazi moja yenye majina mawili, mpaka mpwa wangu aliponichukua Keroka.

Keroka ni mji wa soko katika nyanda za juu za Wagusii, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Sotik. Ni mji wa baridi, wa ndizi na majani ya chai, lakini ajabu yake kubwa ni mpaka. Nyamira ilipokatwa kutoka Kisii ikawa wilaya, Keroka ulibaki katikati. Na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, mji ukajikuta una wakubwa wawili. Mtu aweza kulala Nyamira na kuuza Kisii, na asitokwe na jasho kwa kutembea.

Mpwa wangu ni mchoraji katika kampuni moja ambayo jina lake nalihifadhi. Kampuni hiyo ilitengeneza programu ya simu ili wauza ndizi waagize gari la kupeleka mzigo Nairobi. Yeye ndiye aliyechagua rangi, ukubwa wa herufi, vitufe vya kubonyeza, na picha ya mkungu wa ndizi. Watu wa Keroka walijiandikisha wengi, kisha wakaacha mmoja mmoja. Akatumwa aende akatazame, nami nikamfuata.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo ameketi kando ya mikungu yake. Mpwa wangu akamwuliza kwa adabu, “Mama, kitufe cha kuagiza gari hukukiona?”

“Nilikiona, kijana wangu. Kikubwa, kizuri. Hata bila miwani nilikisoma.”

“Basi shida ilikuwa nini?”

“Simu iliniuliza kaunti. Mimi nalala Nyamira, nikajibu Nyamira. Lakini mzigo wangu uko hapa, upande wa Kisii. Gari likaenda mjini Nyamira likaningoja huko, nami nikalingoja hapa. Siku ya tatu ndizi zikaanza kuiva. Ndizi iliyoiva nani ataipakia safari?”

Mzigo ule aliununua kwa fedha za chama chao cha akina mama, na deni hilo bado alikuwa akililipa. Alipopiga simu kulalamika aliambiwa kwamba kosa ni lake, hakujaza vizuri.

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Tulipokaa kunywa chai akaniambia, “Mjomba, sura ni yangu, lakini njia si yangu. Kazi ya UX ilitangazwa, haikupata mtu. Wakaona mimi natosha.”

Hapo ndipo nilipofahamu. Mwenye UI ni msanifu wa sura, au kiolesura kama wasemavyo wataalamu wa lugha: kila kinachoonwa na jicho na kuguswa na kidole. Kazi yake ni kuhakikisha mtu anaona, anasoma, na anajua abonyeze wapi. Mwenye UX ni msanifu wa safari nzima ya mtumiaji. Yeye huanza kabla simu haijawashwa: huenda sokoni, hukaa, huuliza mtu anataka nini na anaogopa nini, hujaribu mpango wake kwa karatasi kabla programu haijaandikwa, tena hufikiri, mambo yakiharibika mtu huyu atamlilia nani?

Sisi wa pwani tusilione jambo hili geni. Fundi wa nakshi wa Lamu huchonga mlango ukasimamisha wapita njia. Lakini daka likae wapi, mgeni aishie wapi, na wenye nyumba wapite wapi wasionekane, hilo ni la mwenye ramani. Msikiti waweza kuwa na mihrabu ya kupendeza, lakini ikiwa mtu akishatawadha hana budi kukanyaga matope ndipo aingie kusali, aliyepamba hana kosa. Kosa ni la mpango.

Huko Marekani, Susan Kare ndiye aliyechora alama ndogo ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Hiyo ni kazi ya sura. Don Norman, ambaye mwaka 1988 alitoa kitabu kilichozungumzia hata milango isiyojulikana kama ni ya kusukuma au kuvuta, aliingia katika kampuni hiyo hiyo ya Apple mwaka 1993, na cheo chake kikabeba jina hili la UX.

Lakini mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005, nia ilikuwa watu walipe mikopo yao midogo kwa simu. Waliokuwa wakiisimamia, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakaona watu wanaitumia kwa haja zao wenyewe, kutumiana fedha wao kwa wao. Hawakuwaambia wamekosea. Waliufuata mwendo wa watu, na Safaricom ilipoizindua Machi 2007, wito wake ukawa kutuma pesa nyumbani. Sura yake ilikuwa orodha ya maneno tu, bila rangi wala picha, na nchi nzima ikaipokea.

Wala sura si ya kudharauliwa. Mzee asiyeziona herufi hafiki popote. Ninalosema ni kwamba mmoja hawezi kubebeshwa lawama ya mwenzake, na mwuza ndizi asibebeshwe lawama ya wote wawili.

Asubuhi ya pili mpwa wangu alirudi kwa yule mama na daftari. “Mama, ungekuwa wewe, ungeuliza nini badala ya kaunti?”

Hakufikiri hata kidogo. “Ningeuliza: mzigo wako uko wapi?”

Akaliandika. Kisha mama akamwuliza, “Na lile swali la kaunti, nani aliliweka?”

Kijana alinyamaza. Lilikuwa limewekwa na mtu ambaye hakuwahi kufika Keroka.