Rangi ya unga haishiki kwenye chuma kichafu

GETI lililopakwa rangi ya unga linapoanza kubanduka, lawama huelekezwa kwenye rangi. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni chuma kutosafishwa ipasavyo.

Rangi hiyo hupulizwa ikiwa unga mkavu wenye chaji ya umeme, kisha huokwa katika tanuri kwa joto la takriban nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi hadi iyeyuke na kuwa ngumu. Mafuta au kutu vikibaki, rangi hushika uchafu badala ya chuma.

Kwanza, mafuta huondolewa kwa sabuni maalumu. Maji yakitandaa juu ya chuma, ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta yangalipo. Kuanza na msasa husambaza mafuta hayo.

Kisha kutu hukwanguliwa kwa chembe ngumu zinazorushwa kwa shinikizo la hewa, ambazo pia huacha mikwaruzo midogo ya kushikilia rangi. Viwandani, dawa ya fosfeti huongeza kinga.

Chuma kilichosafishwa hakiguswi kwa mikono mitupu, na hupakwa rangi mapema, hasa maeneo ya pwani, ambako unyevu na chumvi huharakisha kutu.

Kabla ya kulipa, mteja hana budi kuuliza jinsi chuma chake kitakavyosafishwa, si rangi gani itakayotumika pekee.