Kipaji Hakipozi Mwili

Agosti 1985, mjini Buffalo katika jimbo la New York, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 16 alikuwa akishindana katika mbio za kilomita 10 kwenye siku ya joto kali. Aliitwa Douglas Casa. Katika mzunguko wa mwisho alianguka, akainuka, akaendelea kukimbia, kisha akaanguka tena na kupoteza fahamu. Alipona kwa sababu waliokuwa karibu naye walijua wanachokiona na hawakuchelewa kumhudumia. Leo Casa ni mtafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, na anaongoza taasisi iliyopewa jina la Korey Stringer, mchezaji wa timu ya Minnesota Vikings aliyefariki mwaka 2001 baada ya kuzidiwa na joto mazoezini.

Kilichompata Casa kinaitwa kiharusi cha joto. Ni hali ambayo joto la ndani ya mwili hupanda zaidi ya digrii 40 na ubongo kuanza kushindwa kufanya kazi yake. Walimu na wazazi wengi huamini kwamba hatari hii ni ya mtoto dhaifu au asiyefanya mazoezi. Katika mbio ndefu, mara nyingi aliye hatarini zaidi ni yule hodari anayeongoza.

Misuli ya mkimbiaji haitumii nguvu yote ya chakula kumsogeza mbele. Takribani asilimia 80 ya nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Mtu anayekimbia hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, joto la mwili lingepanda kwa karibu digrii moja kila kilomita. Kijana aliyeanza mbio akiwa na digrii 37 angefikisha 42 kabla ya kumaliza kilomita ya sita.

Sasa waweke wanafunzi wawili kwenye njia moja. Wa kwanza anakimbia kilomita kwa dakika tatu, wa pili kwa dakika sita. Kila mmoja atazalisha karibu digrii moja katika kilomita hiyo, lakini yule mwenye kasi ana nusu tu ya muda wa kuitoa. Kipaji chake kinampa mapafu, moyo na miguu. Hakimwongezei ngozi ya kutolea jasho. Tena kipaji humpa jambo jingine la hatari, yaani uwezo wa kuvumilia. Mkimbiaji wa kawaida akizidiwa hupunguza mwendo, na kwa kupunguza mwendo hujiokoa. Bingwa wa shule, aliyezoea kuyashinda maumivu, huendelea kusukuma hata mwili unapomwomba asimame.

Njia kuu ya kutoa joto ni jasho, lakini jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote huondoa karibu kilokalori 580. Jasho linalotiririka na kudondoka chini limepotea bure. Wakazi wa pwani wanajua jinsi nguo zinavyokaa siku nzima kwenye kamba bila kukauka hewa inapojaa unyevu, na jasho la mkimbiaji hukwama vivyo hivyo. Hewa nayo ikizidi digrii 35, ambazo ni takribani joto la ngozi, upepo wenyewe huanza kuuongezea mwili joto.

Mombasa ilitupa somo hili mbele ya dunia nzima tarehe 24 Machi 2007, ilipoandaa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu kila mwaka tangu 2002 hadi 2006, aliacha mbio kabla ya kumaliza. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Siku hiyohiyo vijana nao walishindana katika joto na unyevu uleule, na Asbel Kiprop na Linet Masai, wote wa Kenya, wakashinda mbio za chipukizi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Bekele hakufanya mazoezi au hakuwa na moyo.

Wanariadha wetu wengi wanaochipukia hutoka nyanda za juu kama Iten, Mbulu na miteremko ya Meru. Hewa nyepesi ya huko hujenga damu na mapafu. Haiufundishi mwili kutokwa na jasho jingi na mapema. Funzo hilo hupatikana kwa kufanya mazoezi kwenye joto lenyewe, na huchukua siku 10 hadi 14. Katika siku hizo maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hupungua hata kasi ya kukimbia ikiwa ileile, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea hupungua. Mwanafunzi anayeshuka na basi leo na kupangwa kukimbia kesho katika mji wa pwani hajapata hata siku moja ya maandalizi hayo. Kama hakuna namna ya kuwahi, basi saa ya mbio, urefu wake na matarajio ya kocha havina budi kubadilika.

Yapo mambo mengine yanayomwongezea kijana hatari: usiku wa kulala vibaya bwenini au safarini, kuharisha, na homa iliyopoa juzi tu. Mtoto aliyetoka kuugua malaria asisimamishwe mstarini kwa sababu eti shule inamtegemea.

Maji ni muhimu, lakini tusiyape kazi yasiyoiweza. Mbio za kilomita 10 za kijana hodari huisha ndani ya dakika 35, na mtu aliyekunywa vizuri anaweza kuzidiwa na joto kabla ya kupungukiwa maji. Kumlazimisha anywe kupita kiu nako kunaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi kuwa hatari kwa ubongo.

Kinachomkinga zaidi ni uamuzi wa watu wazima. Mbio ndefu zianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Mara ngapi mbio zilizopangwa asubuhi zimesogezwa hadi saa sita mchana kwa kumsubiri mgeni rasmi? Mgeni anaweza kukabidhi medali mchana. Si lazima aone zinavyopatikana. Na tusiridhike na saa peke yake. Mwaka 2019 mjini Doha, marathoni ya dunia ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane, lakini kwa sababu ya joto na unyevu, kati ya wakimbiaji 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo kinachounganisha joto la hewa, unyevu, upepo na ukali wa jua, ambacho msingi wake uliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya askari wanamaji wa Marekani waliokuwa wakizidiwa na joto mafunzoni. Katika kipimo hicho, asilimia 70 ya uzito hupewa usomaji wa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi. Unyevu ndio unaotawala.

Hata kwa maandalizi yote, siku moja mtoto ataanguka. Dalili ya kutazama ni akili: anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, hajui yuko wapi. Usisubiri ngozi ikauke. Mkimbiaji mwenye kiharusi cha joto mara nyingi huwa bado analowa jasho. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso kinaweza kukudanganya kwa kuonyesha joto la chini kuliko lililo ndani. Usimpe panadoli, kwani dawa hiyo hushusha homa ya ugonjwa na haina kazi hapa. Usimnyweshe kitu kama hajitambui.

Mpoze. Mwingize mpaka shingoni kwenye beseni kubwa au pipa lililokatwa, lenye maji na barafu, huku mtu mmoja akimshika kwapani asizame na wengine wakiyakoroga maji. Pasipo beseni, mlaze kwenye turubai, watu wainue pembe zake, mmwage maji baridi na barafu juu yake na kuyatikisa. Maji ya barafu hushusha joto la mwili kwa takribani digrii moja kila dakika tano, na lengo ni kumfikisha chini ya digrii 39 ndani ya nusu saa tangu aanguke. Gari la wagonjwa liitwe mara moja, lakini safari ianze akishapoa. Katika mbio za Falmouth huko Massachusetts, zenye urefu wa kilomita 11 na zinazofanyika Agosti, watafiti walihesabu wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto katika miaka 18 ya mashindano. Walitumbukizwa kwenye maji ya barafu palepale, na wote 274 walipona.

Kwa hiyo vifo vya namna hii tusiviite ajali wala kudra kabla ya kujiuliza kama barafu ilikuwepo. Beseni, turubai, magunia machache ya barafu na mwalimu mmoja aliyefundishwa kuvitumia ni gharama ambayo kamati yoyote ya michezo ya wilaya inaweza kuibeba. Viandikwe kwenye bajeti pamoja na medali na filimbi, na mbio ndefu zisianze mpaka mwamuzi ameviona kwa macho yake.