MABAKI YA MATUNDA NA USAFISHAJI WA MAJI



Ndizi na mananasi yateremshwayo kutoka Milima ya Uluguru huacha mabaki mengi sokoni Morogoro. Yakichachushwa katika pipa lisiloingiza hewa, vijidudu huyageuza kuwa asidi, mojawapo ikiwa ile ya siki. Kazi hukatishwa kabla asidi haijageuka gesi ya kupikia.

Katika mtambo wa maji machafu, asidi hiyo hulisha bakteria wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hurudi angani. Hivyo hupunguza haja ya kununua kemikali.

Lakini isimwagwe mtoni, kwani huko humaliza oksijeni ya samaki. Mto Ngerengere huingia Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Hatua ya kwanza ni yetu: tutenganishe maganda na plastiki.